Kompyuta zisizoonekana: jinsi ya kutengeneza ya kwanza, kwenye simtanki la nyumbani kwako

Bi mkubwa wangu ana miaka sitini na kitu, na mpaka mwaka juzi alikuwa anapanda ngazi ya mbao nyuma ya nyumba, anafunua mfuniko wa simtanki, anachungulia, anashuka. Mara mbili kwa siku, sababu kwetu maji ya bomba yanakuja kwa zamu na ukikosea hesabu unajikuta Jumamosi asubuhi una ndoo tupu na nguo za wiki nzima. Sasa hivi hapandi tena. Kuna taa ndogo jikoni juu ya rafu ya vyombo, ikiwa ya kijani anaendelea na mambo yake, ikiwa ya njano anajua leo nguo zisubiri, ikiwa nyekundu anampigia mtu wa boza. Hapo katikati kuna kompyuta tatu zinaongea, yeye hazioni wala hazifikirii, na hiyo ndo kitu nataka kukuelekeza leo, jinsi ya kutengeneza kompyuta ambayo watu wa nyumbani wanaitumia bila kuiona.

Wazo lenyewe lina mwenyewe. Mark Weiser, Mmarekani, alikuwa mkuu wa teknolojia pale Xerox PARC, maabara iliyoko Palo Alto, California. Mwaka 1988 ndo alilipa jina la "ubiquitous computing", yaani kompyuta zilizoenea kila mahali, na Septemba 1991 akaliandikia makala kwenye jarida la Scientific American. Hoja yake ukiiweka kwa lugha ya nyumbani ni kwamba teknolojia ikikomaa inapotea machoni. Chukulia maandishi: ukipita barabarani unasoma kibao cha duka, unasoma daladala inaenda wapi, unasoma jina la shule ubavuni mwa basi, wala hujiambii "sasa ngoja nisome", unasoma tu. Weiser alitaka kompyuta nazo zifike hapo, ziache kuwa boksi moja ambalo mtu anaenda kuliinamia, zisambae ndani ya vitu, kila mtu awe nazo nyingi, halafu zitulie. Wenzake wakaziunda za saizi tatu, za kiganjani, za saizi ya karatasi na za ukutani kama ubao wa darasani. Saizi zote tatu leo tunazo, simu, tableti na zile skrini kubwa za ofisini. Ile ya kutulia ndo bado hatujaipata, simu inalia, inatetemeka, inakuita kila dakika, kila kitu kinataka uweke app yake.

Kuna kitu kimoja cha pale PARC mi nakipenda kuliko vyote. Msanii Natalie Jeremijenko alining'iniza kamba ya plastiki darini, ndefu kama mita 2 na nusu hivi, juu kaifunga kwenye mota ndogo, mota kaiunganisha na waya wa mtandao wa ofisi. Data ikipita kwenye waya mota inashtuka kidogo. Mtandao ukiwa na kazi nyingi kamba inazunguka kwa fujo na unaisikia inavuma, ukiwa kimya inajitikisa mara mojamoja. Mtu yuko na kazi zake mezani, anajua hali ya mtandao bila kufungua chochote. Taa ya jikoni kwetu ni mjukuu wa ile kamba, na kama utatoka na kitu kimoja kwenye maelezo haya naomba kiwe hicho: jibu liweke pale ambapo jicho la mtu tayari linapita, usimtume mtu akalitafute.

Tayari unaishi nazo

Kabla hujanunua hata rezista moja, kile kipande kidogo cha kubana umeme, zunguka kwanza nyumbani na mtaani uone zilizopo. Mita ya LUKU ukutani ni kompyuta, unaingiza tarakimu 20, yenyewe inaifumbua ile namba, inajua ni uniti ngapi na inajua ni za mita hii na sio ya jirani, na haimpigii mtu simu kuuliza. Mitambo ya sola ya kulipia kidogo kidogo, kama ile M-KOPA walianza kuuza Kenya mwaka 2012, ndani ina laini ya simu, ukilipa kwa simu inafunguka, siku zako zikiisha inajifunga. Kadi ya kugusisha pale getini uwanja wa Mkapa au pantoni ya Kigamboni haina betri hata chembe, inapata umeme kutoka kwenye mashine ya kusomea, ukiisogeza karibu ile mashine inarusha mawimbi, waya mwembamba uliozungushwa ndani ya kadi unayageuza kuwa umeme kidogo tu wa kutosha kujibu "mimi ni namba fulani" basi kazi imeisha.

Ukizichambua zote hizo unakuta muundo mmoja. Kuna kitu kinachohisi dunia, ndo tunakiita sensa, joto, mwanga, umbali, mguso, uzito. Kuna chipu ndogo inayofikiri. Kuna njia ya kupeleka habari. Mara nyingi kuna mahali pa katikati habari inapopokelewa na kugawiwa. Halafu kuna sehemu ya mwisho inayomrudia binadamu, na watu wengi wanaotengeneza hivi vitu wanachoka wakifika hiyo sehemu ya mwisho wanaishia kuweka namba kwenye skrini.

Vifaa

Bodi mbili za ESP32. Hiyo ni chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliingia sokoni 2016, ina waifai na Bluetooth humohumo ndani na bei yake ni ya mtu wa kawaida, Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki unaipata na mtandaoni pia. Sensa ya umbali aina ya JSN-SR04T, ile yenye kichwa cheusi cha mviringo kisichoingiza maji, na waya wake mrefu. Usichukue HC-SR04 yenye macho mawili wazi, ni nzuri sana mezani wakati wa kujifunza ila ndani ya tanki ule unyevu unaila. Rezista ya kilo-omu 1 na nyingine ya kilo-omu 2. Taa ya LED ya rangi tatu na rezista tatu za omu 220. Chaja mbili za simu za zamani, usinunue, droo ya kila nyumba inazo. Kompyuta yoyote kuukuu inayoweza kukaa imewashwa, Raspberry Pi (kompyuta nzima ya saizi ya kadi) kama unayo, au laptopu yenye skrini iliyopasuka. Na kiboksi cha plastiki chenye mfuniko wa kubana.

Waya wa USB nao uangalie, sababu nyaya nyingi zinazokuja na vitu vya bei rahisi zinachaji tu hazipitishi data, mtu anakaa usiku mzima anadhani bodi imekufa kumbe waya. Ukiuchomeka kwenye simu na laptopu na laptopu haioni mafaili ya simu, tafuta mwingine.

Sensa inafanyaje kazi, na kwa nini inakosea

Hapa tukae kidogo maana ukielewa hapa hizi sensa nyingine zote hazitakusumbua.

Ile sensa ni popo. Inapiga sauti ya kilohezi 40, sikio la mtu haliisikii, sauti inashuka mpaka kwenye uso wa maji inagonga inarudi, na bodi inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Hewani kwenye nyuzijoto 20 sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 0.0343 kwa kila mikrosekunde. Kwa hiyo umbali ni muda mara 0.0343 gawanya kwa 2, kugawanya kwa mbili ni kwa sababu sauti imetembea safari mbili. Mfano bodi ikikwambia mikrosekunde 3,907 maji yako sentimita 67 chini ya sensa.

Sasa umbali sio kiasi cha maji, lazima uugeuze. Pima kwa futi kamba vitu viwili kwenye tanki lako, kutoka kwenye sensa mpaka sakafu ya tanki, na kutoka kwenye sensa mpaka usawa wa maji yakiwa yamejaa kabisa. Tuseme umepata 130 na 25. Kina cha maji kinachotumika ni 105. Sensa ikisoma 67, maji yana kina cha 130 toa 67, yaani 63, gawanya kwa 105 unapata 0.6, tanki liko asilimia 60. Hesabu hii inafaa kwa tanki lililosimama wima lenye upana uleule juu mpaka chini, kama lako limelala kwa ubavu usiitumie, mimina maji ndoo kwa ndoo ukiandika sensa inasoma ngapi kila baada ya lita kadhaa, inachosha ila unapata jedwali la kweli.

Ile 25 sio ya kuchezea. Sensa hii haioni kitu kilichoisogelea chini ya sentimita 20 na kidogo, maana kichwa kilekile ndo kinapiga na ndo kinasikiliza, kinakuwa bado kinatetemeka wakati mwangwi umesharudi. Maji yakipanda yakaingia eneo hilo unaanza kupata namba za ajabuajabu. Nyumbani kwetu bahati nzuri boya linafunga maji kabla hayajafika huko, kwako pima kwanza, na kama hayafungi inua sensa kwenye shingo ya mfuniko.

Halafu joto. Dar mchana ile hewa iliyofungiwa ndani ya simtanki jeusi inachemka kweli. Kwenye nyuzijoto 35 sauti inakwenda kama mita 352 kwa sekunde, haraka zaidi, mwangwi unawahi, bodi inayopiga hesabu kwa 343 inaamini uso wa maji uko karibu kuliko ulivyo. Kwenye umbali wa sentimita 130 kosa linafika sentimita 3 na kidogo, na angalia linaegemea wapi, linakwambia una maji mengi kuliko uliyonayo, tena linakuwa kubwa zaidi pale tanki linapokaribia kuisha, ambapo ndo unahitaji ukweli. Mi niliweka 350 badala ya 343 nikaridhika. Ukitaka usahihi zaidi ongeza sensa ya joto.

Cha mwisho, usiamini kipimo kimoja. Maji yakiwa yanaingia kuna mawimbi na matone, mwangwi mwingine unagonga ukuta wa tanki au bomba la kuingizia. Funga sensa mbali na ukuta na mbali na bomba, iangalie chini wima, halafu piga vipimo 7, vipange kutoka kidogo mpaka kikubwa, chukua cha katikati. Usichukue wastani, sababu kipimo kimoja cha kichaa kinauvuta wastani wote wakati cha katikati hakijali.

Kuunganisha

Sensa inakula volti 5 kutoka kwenye pini ya volti 5 ya bodi. Pini yake ya kupigia sauti unaiunganisha moja kwa moja na pini huru ya ESP32 inayoweza kutoa umeme, sio zile za 34 mpaka 39 ambazo zinapokea tu. Pini ya mwangwi usiiunganishe moja kwa moja, inarudisha volti 5 na ESP32 ni ya volti 3.3, inaweza isife leo ila unaichosha. Kutoka pini ya mwangwi weka rezista ya kilo-omu 1 mpaka pini ya ESP32, na kutoka hapohapo kwenye pini ya ESP32 weka ya kilo-omu 2 mpaka graundi, ile pini ya hasi iliyoandikwa GND. Rezista mbili zinagawana ile volti 5, bodi inapata theluthi mbili, yaani volti 3.3. Fanya kwanza kwenye bredibodi, lile bao jeupe lenye matundu, ukiona inasoma vizuri ukiielekeza ukutani ndo ulehemu.

Kuandika programu tumia Arduino IDE, ile iliyotokana na mradi wa bodi za wanafunzi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na karibu kila sensa utakayoshika mtu ameshaiandikia maktaba yake, yaani programu iliyo tayari ya kuisoma. Programu ya tanki ni fupi: amka, pima mara 7, chukua cha katikati, geuza iwe asilimia, unganisha waifai, tuma, lala dakika 15. Waifai ya nyumbani hakikisha iko kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ESP32 haioni ya 5.

Dalali

Unaweza kuifanya bodi ya tanki iongee moja kwa moja na bodi ya taa, kwa vitu viwili sio shida. Ila kesho utataka kuongeza taa ya pili chumbani, keshokutwa ujumbe kwenye simu ya dada aliyeko Mwanza, na kila ukiongeza itabidi ukaifungue bodi ya tanki juu ya ngazi. Ndo maana watu wanatumia MQTT, utaratibu uliobuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako kila herufi uliyotuma unailipia, kwa hiyo walibana ujumbe ukawa mdogo sana. Katikati anakaa broka, na kwa sisi mwite dalali tu kama alivyo. Bodi ya tanki inampa dalali ujumbe chini ya mada, mimi niliipa jina nyumbani/tanki/asilimia, na kazi yake imeishia hapo haijui nani anasoma. Yeyote anayetaka habari za tanki anamwambia dalali "mada hii ikipata kitu nipe". Taa inajiandikisha, simu inajiandikisha, tanki halina habari nao.

Dalali anaitwa Mosquitto, ni programu ya bure, iweke kwenye Raspberry Pi au laptopu kuukuu na uiache iwake. Mpe neno la siri siku hiyohiyo usisubiri mfumo ukamilike.

Taa, na jinsi ilivyotudanganya

Bodi ya pili inakaa jikoni ndani ya kopo la plastiki jeupe lililogeuzwa, mwanga unapita laini hauchomi macho. Juu ya asilimia 50 kijani, kati ya 20 na 50 njano, chini ya 20 nyekundu. Haipepesi wala hailii. Mdogo wangu alitaka iwe inalia ikifika nyekundu nikakataa, sababu kitu kikishalia usiku mara mbili watu wanakichomoa.

Sasa sikiliza hii kwa makini. Mwanzoni bodi ya tanki niliiwasha kwa pawabenki. Pawabenki nyingi zikiona umeme unaovutwa ni mdogo sana zinadhani simu imeshajaa zinajizima, na bodi iliyolala inavuta kidogo sana. Ikazima. Na mimi kwenye ujumbe nilikuwa nimeweka ile alama inayomwambia dalali autunze ujumbe wa mwisho, ili taa ikizimika umeme ukirudi ipate jibu papo hapo. Nilidhani nimefanya jambo la maana. Ujumbe wa mwisho ulikuwa asilimia 80. Umeme ukakatika usiku ukarudi, taa ikamuuliza dalali, dalali kwa uaminifu wote akajibu 80, taa ikawaka kijani. Siku mbili kijani. Asubuhi ya Idd wageni wako njiani, watu wanataka kutia udhu, bi mkubwa anafungua koki, hewa. Akaniita akaniambia kwa upole tu, "Mwanangu, taa yako imesema uongo." Alikuwa ameacha kupanda ngazi kwa sababu alituamini, mimi na taa yangu. Hilo neno bado ninalo.

Toka siku hiyo kuna rangi ya nne, nyeupe, na maana yake ni sijui. Ule utunzaji wa ujumbe wa mwisho nikautoa. Umeme ukirudi taa inawaka nyeupe mpaka kipimo kipya kije, kusubiri kwenyewe hakuzidi dakika 15. Na zikipita dakika 45 bila ujumbe, yaani vipimo vitatu vimekosa, inarudi nyeupe hata kama mara ya mwisho ilikuwa kijani. Bi mkubwa anajua nyeupe ni kuniita. MQTT ina kitu kingine kinaitwa wosia, bodi inamwachia dalali ujumbe wa kutangaza ikitokea imekatika ghafla, na ni kizuri kwa bodi inayokaa hewani muda wote, lakini bodi inayolala inaaga kila baada ya kutuma, dalali hawezi kutofautisha aliyelala na aliyekufa. Kwa hiyo kwa vitu vinavyolala ni saa ya upande wa msomaji ndo inakuokoa. Kifaa ambacho mtu amekisahau hakina wa kukikagua, lazima chenyewe kijue kusema sijui.

Umeme

Kama tanki liko karibu na nyumba vuta waya kutoka kwenye chaja ya simu umalize. Kama liko mbali ndo unaingia kwenye betri, na hesabu yake ni ya kufanya kabla ya kununua. Tuseme bodi ikiwa macho na waifai inavuta wastani wa miliampea 100. Ikikaa macho siku nzima hiyo ni 2,400 kwa siku, betri ya miliampea-saa 2,500 inaisha siku moja. Ikiamka kila dakika 15 kwa sekunde 5, ni mara 96 kwa siku, sekunde 480 jumla, sawa na miliampea-saa 13 na kidogo, betri ileile kwenye karatasi inafika miezi sita. Ila hapo ni kama usingizi ni bure. Chipu ya ESP32 yenyewe ikilala usingizi mzito inavuta kama mikroampea 10 tu, lakini ile bodi nzima ina kitaa cha kuonyesha umeme, ina kirekebisha volti, ina chipu ya USB, na vyote hivo havilali. Vikila miliampea 5 tu ni 120 kwa siku na miezi yako sita inageuka siku 19. Tafuta bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya betri, na sensa iwekee transista, swichi ndogo inayoendeshwa na bodi, ya kuikatia umeme wakati bodi imelala.

Waifai isipofika

Shamba, bwawa la samaki, tanki la kijiji, huko waifai haipo. Bluetooth ni ya chumba kimoja viwili. LoRa, redio ndogo ya masafa marefu, inafika kilomita kadhaa eneo likiwa wazi kwa umeme mdogo sana, inabeba maneno machache tu, kwa kina cha maji inatosha na kubaki, ila unahitaji mnara wako mdogo wa kupokelea. Laini ya simu inafika kwingi, watu wengi wanakimbilia moduli ya SIM800L ya kutuma SMS, halafu wanalalamika inajizima na kujiwasha. Ile moduli ikitafuta mtandao inavuta mpaka ampea 2 kwa kufumba na kufumbua, chaja au betri dhaifu inayumba hapohapo. Mpe betri yenye nguvu na kapasita kubwa, kile kikopo kinachotunza umeme kidogo wa akiba, karibu na pini zake. Na inategemea 2G, kwa hiyo hakikisha mtandao wako bado una 2G eneo hilo.

Nani mwingine anaona

Kuna watu wataona tanki la maji halina siri, jamani lina siri. Mchoro wa maji ya wiki nzima unaonyesha mnaamka saa ngapi, mmesafiri lini, nyumba haina mtu siku gani. Hii kitu ilianza zamani. Maabara ya Olivetti pale Cambridge, Uingereza, walitengeneza beji ya kifuani iliyokuwa inarusha namba yake kwa mwanga usioonekana kila baada ya sekunde 15 hivi, ili simu ikipigwa ikufuate chumba ulichopo. Ukishajua beji iko chumba gani umeshajua na mtu yuko chumba gani, saa ngapi, na nani.

Kwa hiyo dalali akae ndani ya nyumba, usimfungulie mlango wa intaneti. Ukilazimika, tumia mlango (port) namba 8883 wenye usimbaji, sio 1883 ulio wazi. Neno la siri la kiwandani badilisha kwenye kila kitu, ruta, kamera, bodi. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta kibao duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya maneno ya siri ya kiwandani. Na ukianza kufunga hivi vitu kwa watu wengine kwa malipo, Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, zisome kabla hujaanza kukusanya data za nyumba za watu.

Ukitaka pampu ijiwashe yenyewe

Hatua inayofuata kila mtu anaiuliza hiyo, pampu iwake tanki likishuka na izime likijaa. Inawezekana, rilei moja, yaani swichi inayowashwa na bodi, na mistari michache ya programu. Ila hapo umetoka kwenye volti 5 umeingia kwenye 230, mwite fundi umeme aifunge, na pampu yako wekea kinga ya kukosa maji kisimani maana pampu ikizunguka kavu inaungua. Kingine, usiitoe ile swichi ya boya ya kawaida inayokata pampu tanki likijaa. Ifunge kwa mfululizo na rilei, ili programu ikiganda na rilei ikabaki imewashwa usiku, boya likate lenyewe kwa maji tu bila kuuliza kompyuta yoyote.